Gobore Halina Kaliba

Usiku nikikosa usingizi huwa natazama video za mzee mmoja wa Montana, Marekani, anayetengeneza bunduki za kuwindia. Sijawahi kumiliki bunduki na sina mpango huo. Lakini kumtazama mtu anayeijua kazi yake kunatuliza, hata kama kazi yenyewe huielewi. Anafunga mtutu kwenye mashine ya kukereza, anaingiza kekee polepole, anaitoa, anafuta unga wa chuma, anapaka mafuta, anairudisha. Anaongea kidogo. Siku moja mke wangu aliamka saa nane za usiku akaniuliza natazama nini. Nikamwambia, fundi. Fundi wa nini? Nikasema, fundi tu.

Kwa nini nilificha? Swali hilo nimetembea nalo muda mrefu kuliko linavyostahili, na haya ninayoandika ni jaribio la kulijibu.

Video ninazozipenda zaidi zinahusu bunduki moja tu. Mzee alichukua mtambo wa zamani wa Mauser, muundo wa 1898, akaufungia mtutu mpya, akauchongea kitako cha mti wa jozi. Mpaka hapo ni kazi ya kawaida kwa mafundi wa kwao. Kilichoitofautisha ni kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu na wa risasi inayopita humo. Angeweza kuchagua risasi inayouzwa kila duka. Yeye akachagua .257 Roberts Ackley Improved, ambayo huikuti kwenye rafu za kawaida. Mwenye bunduki ya namna hiyo hujitengenezea risasi mwenyewe, moja moja, mezani kwake.

Wamarekani huziita risasi za aina hii paka-mwitu. Mtu anachukua ganda la risasi lililopo, anabana shingo yake au anakaza mabega yake, likabeba kichwa chembamba zaidi au baruti nyingi zaidi. Hii ya Montana ina ukoo mrefu. Mwaka 1893 jeshi la Hispania lilianza kutumia bunduki ya Mauser ya milimita 7. Baadaye Mmarekani Ned Roberts akabana shingo ya ganda lile lile likashika kichwa chembamba, na mwaka 1934 kampuni ya Remington ikaanza kuitoa rasmi kwa jina lake. Kisha akaja P.O. Ackley, fundi aliyefundisha ufundi wa bunduki katika chuo kimoja cha Colorado, akazisimamisha kuta za ganda na kuyafanya mabega yake kuwa makali. Na hapa ndipo penye uzuri wenyewe: ganda halipati umbo hilo kwa nyundo. Unatia risasi ya kawaida ya Roberts ndani ya chemba mpya iliyochongwa kubwa kidogo, unafyatua, na moto unalisukuma ganda mpaka linaijaza chemba. Linatoka likiwa na umbo jingine. Kipande hicho nilikirudia mara tatu.

Mzee anaeleza kwa nini anajisumbua hivyo. Risasi kubwa mno humpiga mpigaji begani, naye akishazoea kuumia huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na mnyama hujeruhiwa. Risasi dhaifu mno humfikia mnyama bila nguvu, naye vilevile hujeruhiwa. Yeye anatafuta iliyo katikati, inayomtosha kulungu wa milima yao na inayolitosha bega la mtu mwenye umri wake, ili mnyama aanguke kabla hajajua kilichompata. Kabla ya kumaliza anapima chemba kwa vipande viwili vya chuma. Kwenye kimoja komeo la bunduki lazima lifunge. Kwenye kingine lazima likatae kufunga. Tofauti ya vipande hivyo viwili jicho lako haliioni.

Basi, fundi huyu anasema kwamba kipimo ni suala la maadili. Hasemi kwa maneno hayo, lakini ndicho anachosema. Anayeamua kuua ana wajibu wa kuua vizuri, na wajibu huo unaanza mbali na porini, unaanza kwenye mashine ya kukereza.

Nilitamani sana awe na haki. Nilikuwa na sababu yangu.

Mjomba wangu ni fundi baiskeli katika kijiji kimoja cha wilaya ya Liwale, mkoa wa Lindi. Ni mhunzi pia. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikikaa kwake likizo, nikimvutia mivukuto, naye akitengeneza majembe, visu, bawaba za milango. Na magobore. Hakuna mtu wa kusini atakayeshangaa nikisema hivyo. Bomba la chuma la gari bovu, kitako cha mninga, mdeki wa kushindilia, basi. Yalikuwa ya kufukuzia nguruwe na ngedere mashambani, na mara mojamoja kitoweo. Kibali? Usiniulize.

Risasi za gobore lile zilikuwa vipande vya nondo. Mjomba alikuwa akivikata kwa tindo, kwa mshazari, kwa hiyo kila kipande kilikuwa na ncha upande mmoja. Kilichoingia kwenye bomba kilifaa. Ndiyo maana nasema gobore halina kaliba. Mtutu wake ni laini ndani, hauna ile mifereji inayozunguka ya kuipa risasi msokoto, kwa hiyo kinachotoka huenda kinakotaka. Ukiwa hatua ishirini unaweza kupata. Ukiwa hatua hamsini unapiga kelele tu, na kama kuna mnyama mbele yako, unampiga kelele na kumtoboa.

Miaka kadhaa iliyopita, msimu wa mahindi kubeba, jirani wa Mjomba aliazima gobore akalinde shamba. Tembo walikuwa wanashuka kila usiku. Usiku wa pili akamfyatulia mmoja. Anasema alitaka kumtisha, nami namwamini, maana hakuna mwenye akili timamu anayetaka kumwua tembo kwa nondo. Tembo akaondoka. Baada ya wiki tatu akarudi, mchana, akichechemea, bega limevimba na kutoa usaha. Njia ya kisimani akakutana na mama mmoja wa kijiji hicho, mwenye watoto wanne. Askari wa wanyamapori walifika siku iliyofuata wakampiga tembo risasi. Mama alikuwa ameshazikwa.

Nilitumwa na gazeti nililokuwa nalifanyia kazi, kwa sababu niliwahi kusema nina ndugu kule. Askari mmoja alinikunjulia kiganja chake nikaona kipande cha nondo alichokitoa kwenye nyama. Kimekatwa mshazari. Akaniuliza kama najua ni kitu gani. Nikasema, chuma.

Habari niliyoandika ilikuwa na maneno mia nne. Tembo aua mama wa watoto wanne. Niliandika kuhusu mazao yaliyoliwa, kuhusu kifuta machozi ambacho familia ilikuwa inakisubiri, kuhusu wanakijiji wanaoiomba serikali iongeze askari. Kila neno lilikuwa la kweli. Nondo haikuwemo. Mhariri alinipongeza kwa kuandika kwa utu.

Sasa unaelewa kwa nini mzee wa Montana ananituliza. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba kosa la Mjomba lilikuwa la kiufundi. Angekuwa na mashine ya kukereza, angekuwa na vile vipande viwili vya kupimia, mnyama angekufa au angekoswa, na mama yule angeteka maji yake akarudi nyumbani. Tatizo ni ukosefu wa usahihi. Fikra hii ina faraja yake, kwa sababu inamwondolea lawama Mjomba na kuipeleka kwenye umaskini, na umaskini hauna sura.

Tena historia inaiunga mkono, angalau mwanzoni. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao hukumbukwa zaidi kwa vifungu vyake dhidi ya biashara ya watumwa. Ndani yake kuna vifungu vya silaha. Katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu na zile za kujazwa kwa nyuma zilizuiwa, isipokuwa kwa watu wachache wenye dhamana. Zilizoruhusiwa kutoka ghalani kwa biashara ya kawaida zilikuwa za gumegume, mtutu laini, na baruti ya kawaida. Yaani mtu mweusi aliachiwa kishindo na moshi, akanyimwa shabaha. Sababu ya kweli inajulikana: anayelenga vizuri ni vigumu kumtawala. Lakini ukiitazama kwa macho ya mwindaji wa Montana, sheria ile iliamua pia ni nani atakayeweza kuua kwa huruma na ni nani atakayejeruhi. Baada ya hapo wenye shabaha wakatuita sisi wakatili kwa wanyama.

Hoja hiyo niliipenda sana. Niliwahi kuimwaga mezani kwa marafiki, kahawa mkononi, na ikapokelewa vizuri. Aliyeniharibia ni Bell.

Walter Dalrymple Maitland Bell alikuwa Mskoti, kazaliwa 1880. Wenzake walimwita Karamojo, kutokana na Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, alikowinda pembe mwanzoni mwa karne ya 20. Kama kuna mtakatifu wa watu wanaochagua kaliba tofauti na ya wengine, ni yeye. Wawindaji wa tembo wa wakati ule walibeba bunduki nzito za mitutu miwili, zenye risasi nzito, zinazoweza kumwangusha mpigaji mwenyewe. Sehemu kubwa ya kazi yake Bell aliifanya kwa bunduki nyepesi, na inayotajwa zaidi ni ya .275 ya Rigby wa London. Hiyo .275 ni jina la Kiingereza tu. Ni ile ile Mauser ya milimita 7, babu wa paka-mwitu wa Montana. Risasi yake ilikuwa na gramu 11 hivi.

Aliwezaje? Alisoma. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, maana kichwa chote kile ni mfupa wenye vyumba vya hewa na ubongo wenyewe umejificha nyuma. Akijua mahali, uzito wa risasi haukuwa na maana tena. Bega lake halikuumia, mkono wake haukutetemeka, na mlio wa bunduki ndogo haukulishtua kundi kama mizinga ya wenzake. Mnyama alianguka hapo alipo. Kama kuna tembo waliokufa bila kujua, ni wa Bell.

Na walikuwa 1,011.

Nilipoiona hesabu hiyo niliifunga kompyuta. Hebu fikiri. Yule mwenye bunduki nzito, anayeumia bega, anayelishtua kundi lote kwa mlio mmoja, anapata wawili au watatu, na wengine wanakimbia. Bell hawakimbii. Ustadi ule ule uliompa tembo mmoja kifo chepesi ndio uliomruhusu amgeukie wa pili, na wa tatu. Huruma kwa mmoja, msiba kwa kundi. Wala hivyo si vitu viwili vilivyokutana kwa bahati mbaya, ni kitu kimoja kikitazamwa kutoka mbali na kutoka karibu.

Kwa hiyo usahihi unajibu swali la namna gani. Haujibu swali la wangapi, wala la kwa nini. Na mtu aliyezama kwenye swali la namna gani, kwa dhati, kwa upendo, mpaka unywele wa mwisho, anaweza kukaa humo miaka arobaini bila kusikia yale mengine yakigonga mlango. Hili nalisema bila kumdharau Bell. Namwona kabisa ameinama juu ya fuvu lile, amesahau kula. Ni uso ule ule wa mzee wa Montana. Ni uso wangu pia nikipanga aya.

Utaniambia fundi si mpigaji. Ni kweli, na ni hoja ya zamani. Aristotle, mwanzoni kabisa mwa kitabu chake cha maadili kwa Nicomachus, anapanga kazi kwa ngazi: kutengeneza hatamu kuko chini ya upandaji farasi, na upandaji farasi uko chini ya uongozi wa vita. Mtengeneza hatamu anajibu kama hatamu ni nzuri, na farasi ameelekezwa wapi ni juu ya mwingine. Kwa mpango huo Mjomba anajibu kama gobore linawaka. Jirani ndiye anayejibu alimwelekezea nani.

Sijui mafundi wangapi wanalala vizuri kwa mpango huo. Mikhail Kalashnikov alijitetea hivyo maisha yake yote, kwamba alitengeneza kwa ajili ya kulinda nchi na wanasiasa wakafanya yao. Kisha mwishoni mwa maisha yake, akiwa amepita miaka tisini, akamwandikia barua mkuu wa Kanisa la Othodoksi la Urusi akiuliza kama vifo vile ni dhambi yake. Kanisa lilimjibu kwa upole. Mfano huu umetumika mpaka umechakaa, nami nautaja kwa ajili ya kitu kimoja tu: ngazi za Aristotle ziliporomoka ndani ya mtu aliyezihitaji kuliko sote.

Kuhusu Mjomba, ngazi hizo hazinisaidii kwa sababu nyingine. Hatamu mbovu inajulikana ni mbovu. Gobore linafanya kazi yake hasa, na kazi yake ni kujeruhi. Aliyelitengeneza anajua haliwezi kulenga. Naweza kusema hakuwa na chaguo, na kwa kiasi fulani hakuwa nalo: nguruwe wanakula muhogo, watoto wanakula nini? Kule kule Karamoja kwa Bell, miaka ya 1970, wafugaji waliokuwa wakivamiwa na majirani wenye silaha walijitengenezea bunduki kwa mabomba ya chuma. Siwezi kukaa Dar es Salaam nikawaambia wangengoja mpaka wapate vipimo. Lakini mtu asiye na chaguo bado ana mikono, na mikono ile ndiyo iliyokata nondo kwa mshazari.

Sasa nikiulizwa kama mzee wa Montana ni mwema kuliko Mjomba, nasema anabeba mzigo mwepesi zaidi, na sehemu kubwa ya wepesi huo hakuichonga yeye. Kwao mwindaji hununua leseni na kibali cha mnyama mmoja mmoja, kuna msimu, kuna watu wa kuhesabu. Swali la wangapi limejibiwa na wengine kabla hajawasha mashine, ndiyo maana anaweza kukaa na swali la namna gani kwa amani, akisikiliza redio. Bell hakuhesabiwa na mtu aliyeweza kumzuia. Na sisi tumeona hapa nyumbani kinachotokea hesabu ikikosa mwenyewe: mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo 109,051, mwaka 2014 wakabaki 43,330. Wale hawakuuawa na magobore ya kulindia mahindi.

Nami? Nilikuwa na kaliba nzuri. Maneno mia nne, kila moja mahali pake, yakamgusa msomaji bila kumtikisa bega. Nilichagua kwa uangalifu mkubwa kitu ambacho hakingemjeruhi mtu wangu. Watoto wanne wa yule mama wanaishi mpaka leo wakijua kwamba mama yao aliuawa na mnyama mkali, basi, kama radi. Nikijitetea nitasema Mjomba angefungwa na jirani angefungwa, na tembo wangeendelea kushuka. Yote ni kweli. Hata ile habari ilikuwa kweli.

Idd iliyopita nilikwenda Liwale. Nilimkuta Mjomba barazani, amekonda, macho yameanza kuingia ukungu. Shikamoo, Mjomba. Marahaba, baba. Kazi ya chuma ameacha, gobore lenyewe alikwishalisalimisha wakati wa ule mwito wa kusalimisha silaha kwa hiari, na baiskeli anawaachia vijana. Baada ya chakula nilitoa simu nikamwonyesha mzee wa Montana. Sijui kwa nini. Labda nilitaka wakutane.

Alitazama muda mrefu, simu ameisogeza karibu na pua. Ilipofika pale pa vipande viwili vya kupimia akaniambia nisimamishe. Nikamweleza: hiki lazima kifunge, hiki lazima kikatae.

"Sisi hatukuwa na cha kukataa," akasema.

Akaendelea kutazama. Akaniuliza mzee anawinda nini, nikamwambia kulungu. Akauliza kama nyama anaila. Nikasema anaila.

"Kile kipande walikuonyesha?"

"Walinionyesha, Mjomba."

"Ukakijua."

"Nikakijua."

"Nilisomewa gazeti lako." Alinyamaza kidogo. "Nikangoja uje."

Miaka yote hiyo alikuwa akingoja, na mimi nilidhani nimemwokoa. Sikupata la kusema. Kuku walikuwa wanapita chini ya kitanda cha kamba, binti yake akaja kuondoa sahani. Mjomba akanirudishia simu, kisha akainyoosha mkono tena kuitaka.

"Hebu rudisha pale ganda linapotoka," akasema. "Pale lilipobadilika."